Je, wajua kwa nini blogu iliyohamishwa huonekana mpya kwa mmoja na ya zamani kwa mwingine?

Umekodi seva yako, umehamisha makala na picha zote, kisha umebadili anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti, ili jina la tovuti lielekee kwenye makao mapya. Ukifungua kwa simu yenye data, tovuti mpya hiyo hapo. Mwenzako aliye chumba cha pili, anayetumia Wi-Fi, anakutana na blogu ile ile ya zamani. Ukiwauliza wazoefu, wengi watakwambia: subiri saa 24 hadi 48, mabadiliko bado yanasambaa duniani.

Ushauri wa kusubiri si mbaya. Sababu inayotolewa ndiyo isiyo sahihi, na kwa kuwa si sahihi, humfanya anayeanza akae tu na kungoja wakati kulikuwa na jambo la kufanya mapema.

Maelezo hayo hujenga picha ya tangazo linaloondoka kwenye seva yako na kusafiri nchi hadi nchi, walio karibu wakilipata kwanza na walio mbali mwishoni. Hakuna tangazo la namna hiyo. Ni kweli kwamba seva za majina zinazotunza rekodi za jina lako, ambazo kwa kawaida ni mbili au zaidi, huarifiana rekodi inapobadilika, lakini kazi hiyo mara nyingi huisha ndani ya sekunde au dakika chache. Baada ya hapo hazimpelekei mtu mwingine yeyote habari. Hazina hata orodha ya waliowahi kuiuliza anwani yako. Hukaa zikisubiri kuulizwa.

Umbali nao hauhusiki. Msomaji aliye bara jingine anaweza kuona tovuti mpya saa nzima kabla ya jirani yako.

Kinachotokea ni hiki. Mtu akiandika jina la tovuti yako, kifaa chake huiuliza seva ya kutafuta majina. Inaweza kuwa ya mtoa huduma wake wa intaneti, au ya umma kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Seva hiyo, kama haina jibu tayari, huanzia kwenye seva za mizizi, zilizo juu kabisa katika mfumo wa majina, huelekezwa kwa wasimamizi wa .com au kiishio kingine unachotumia, na hao huielekeza kwenye seva za majina zenye rekodi yako. Ikishapata anwani, humjibu aliyeuliza, kisha hujiwekea nakala ili anayefuata asisubiri safari yote hiyo.

Nakala hiyo ina mwisho. Kila rekodi hubeba namba iitwayo TTL, inayohesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika tano, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Fikiria mtu aliyeuliza nyumba ya fundi iko wapi, akaandika maelekezo kwenye karatasi, na juu yake akaandikiwa: usiulize tena hadi kesho wakati kama huu. Fundi akihama jioni, mwenye karatasi ataendelea kwenda nyumba ya zamani kwa uhakika kabisa, kwa sababu karatasi yake bado ni halali. Aliyeuliza baada ya fundi kuhama anafika nyumba mpya moja kwa moja, hata kama ametoka mbali kuliko wote. Na fundi hawezi kukimbia huku na huko akikusanya karatasi, kwani hajui ziko mikononi mwa nani.

Tuseme rekodi yako ina TTL ya 86400 na umeibadili saa nne asubuhi. Seva ya kutafuta majina iliyouliza dakika tano kabla itashikilia anwani ya zamani hadi kesho yake karibu saa nne. Iliyouliza jana saa tano asubuhi itaachana nayo leo saa tano. Ambayo haikuwahi kuuliza itapata mpya papo hapo. Huduma kubwa za umma zina mashine nyingi, na si zote zinazotumia nakala moja. Ndiyo maana unaweza kuiuliza 8.8.8.8 mara mbili mfululizo ukapata anwani mpya, kisha ya zamani.

Hapa ndipo penye jambo linalonivutia kuliko yote: urefu wa kusubiri huamuliwa kabla hujabadilisha chochote. TTL inayotawala ni ile ya rekodi ya zamani, iliyokwisha kunakiliwa. Kuipunguza wakati ule ule unapobadili anwani hakumsaidii aliyekwisha kuweka nakala. Inabidi uipunguze hadi 300, kwa mfano, kisha usubiri angalau muda wote wa TTL ya zamani upite, ndipo ubadili anwani. Ukifanya hivyo, wasomaji wengi watahamia ndani ya dakika chache.

Saa 48 nazo hazikutoka hewani. Rekodi za .com zinazoonyesha seva za majina za kila tovuti zina TTL ya sekunde 172800, yaani siku mbili kamili. Tena, hadi mwaka 2004 wasimamizi wa .com walikuwa wakiingiza mabadiliko mara mbili tu kwa siku. Kwa hiyo anayebadili seva za majina zenyewe bado ana sababu ya kutaja siku mbili. Anayebadili anwani ya IP peke yake, huku seva za majina zikibaki zile zile, hufuata TTL aliyojiwekea.

Ahadi ya TTL haitimizwi kikamilifu kila mahali. Baadhi ya seva za kutafuta majina hujiwekea kikomo chake cha chini na kupuuza TTL fupi mno. Tangu 2020 upo mwongozo rasmi, RFC 8767, unaoziruhusu kutoa jibu lililokwisha muda pale ambapo seva zenye rekodi halisi hazifikiki. Kompyuta na kivinjari navyo huweka nakala zao.

Hata jibu la “hakuna jina kama hilo” huhifadhiwa, kwa kanuni zilizowekwa 1998. Ukiwa na haraka ya kufungua anwani yenye www kabla hujaitengenezea rekodi, seva yako ya kutafuta majina inaweza kuendelea kukwambia haipo hata baada ya kuitengeneza.

Haya yote yanahusu jina unalomiliki mwenyewe. Kama blogu yako iko chini ya jina la kampuni, mfano blogspot.com, rekodi hizo si zako kubadili. Huko itakubidi utafute njia ya kuwaelekeza wasomaji kwenye anwani mpya.

Kabla ya mfumo huu wa majina, uitwao DNS, kubuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, majina yote ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California na kunakiliwa na kila kompyuta. Mrithi wake bado yumo kwenye kompyuta yako: faili la hosts. Ukiandika humo anwani mpya na jina la tovuti yako, wewe peke yako utaiona tovuti mpya na kuikagua kabla ya kuhamisha chochote.

Siku ya kuhama, funga maoni kwenye blogu ya zamani, maana maoni yatakayoandikwa huko hayatahama. Cheti cha usalama (cha HTTPS) kinachotolewa bure na Let's Encrypt kwa kawaida huthibitishwa kwa kuitembelea seva ambayo jina linaielekea, hivyo ama ukichukue mara baada ya kubadili anwani, ama utumie njia ya rekodi ya TXT, yaani maandishi unayoyaongeza kwenye rekodi za jina lako, inayokuwezesha kukipata mapema. Na usiizime seva ya zamani kwa sababu tu simu yako inaonyesha mpya. Soma kumbukumbu za ziara zake. Wasomaji wakikoma kuingia huko, izime na uirudishe TTL kwenye 3600.