Mwingiliano wa Mawasiliano na Namna Serikali Inavyoudhibiti

Mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, hutumia simu ile ile kumpigia mvuvi aliyeko Ukerewe, kusikiliza taarifa ya habari ya redio, kutazama bei zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp na kupokea malipo ya mzigo wake. Katika miaka ya 1990 simu ilikuwa na sheria yake, na redio nayo ilikuwa na yake. Huduma ambazo zamani zilipita kila moja katika njia yake zinapoanza kupita katika njia moja, hali hiyo huitwa mwingiliano wa teknolojia za mawasiliano, nayo ndiyo inayozilazimu serikali kuzipitia upya sheria za simu, redio na televisheni.

Tanzania iliingia katika jambo hili kwa hatua. Mwaka 1993 zilitungwa sheria mbili, moja ya mawasiliano na nyingine ya utangazaji, na kila sheria ikawa na tume yake. Mwaka 2003 sheria mpya iliziunganisha tume hizo, ikaundwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko hapa Mwanza. Mwaka huo huo, huko Uingereza, mdhibiti wa mawasiliano aitwaye Ofcom alichukua majukumu ya vyombo kadhaa. Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, waliunganisha vyombo vyao kwa sheria ya mwaka 2013. Marekani imekuwa na tume moja ya simu na redio tangu mwaka 1934, na bado inahangaika na maswali yale yale, kwa sababu kuunganisha ofisi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu ni kuamua ni kitu gani hasa kinachopewa leseni.

Zamani leseni ilifuata teknolojia. Mfumo ulioanza mwaka 2005, na kutiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, unafuata kazi inayofanywa. Anayejenga minara na kutandaza mkongo ana leseni ya miundombinu. Anayesafirisha mawimbi na data juu ya miundombinu hiyo ana leseni ya huduma za mtandao. Anayemuuzia mteja huduma ya simu au intaneti ana leseni ya huduma tumizi. Na anayeandaa vipindi ana leseni ya maudhui. Ni sawa na barabara ya kwenda Musoma, ambayo ina mwenye barabara, mwenye basi na mwenye mzigo, na kila mmoja hujibu kwa lililo lake. Faida yake ni kwamba minara inapohama kutoka 3G kwenda 4G au 5G, sheria haihitaji kuandikwa upya.

Watu wengi waliuona mgawanyo huu kwa macho kwenye televisheni. Wakati wa analojia kituo kiliandaa vipindi na pia kilimiliki mtambo wa kuvirusha. Katika dijitali kazi hizo zilitenganishwa: kampuni 3 zilipewa leseni ya kusafirisha mawimbi, na vituo vikabaki na maudhui. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza ikafuata mapema mwaka 2013, kabla ya ukomo wa kimataifa wa tarehe 17 Juni 2015. Sababu ya kuhama ilikuwa ya msingi, maana nafasi iliyokuwa ikimezwa na chaneli moja ya analojia hubeba chaneli kadhaa za dijitali, na masafa yanayobaki yanaweza kupewa intaneti ya simu. Lakini mwenye televisheni ya zamani Igoma au Buhongwa alilazimika kununua king'amuzi ili aendelee kuona kile alichokuwa akikiona bure. Marekani ilipozima analojia mwaka 2009, kila kaya iliweza kuomba vocha 2 za dola 40 za kununulia kifaa cha kubadilishia mawimbi. Naamini huo ndio uungwana unaostahili: masafa ni mali ya umma, na thamani inayopatikana yakiachwa wazi ianze kumsaidia yule anayelipia uhamaji huo.

Ziwa nalo lina jambo lake. Mawimbi ya FM, ambayo hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri mbali juu ya maji kwa kuwa hakuna mlima wa kuyazuia, hivyo Tanzania, Kenya na Uganda hulazimika kupatana kuhusu nani atumie masafa gani, chini ya kanuni za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU.

Mfumo huu unayumba zaidi kwenye maudhui ya mtandaoni. Kituo cha redio kinadaiwa leseni kwa sababu, pamoja na mengine, kinakalia masafa ambayo hayawatoshi wote. Kijana anayepandisha video YouTube kutoka Nyegezi hakalii masafa ya mtu, lakini kanuni za mwaka 2018 zilimtaka apate leseni, kwa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Mzigo huo haukulingana na kazi yake, na wapo walioacha kuchapisha. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliielekeza leseni zaidi kwa wanaochapisha habari na matukio, hatua ambayo ilipaswa kuja mapema.

Kuna pia huduma isiyoingia kikamilifu katika aina yoyote kati ya zile nne za leseni, nayo ni pesa kwa njia ya simu. Laini iko chini ya TCRA, ila fedha zilizomo ziko chini ya Benki Kuu, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kwa hiyo mteja anayetaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hubonyeza *106#, na namba ya tapeli huiripoti kwa kuituma 15040. Lakini fedha zikishatoka, dai lake linaanza kwa mtoa huduma na polisi, na mdhibiti wa malipo hayo ni Benki Kuu.