Beit al-Ajaib haikubomolewa na mizinga ya 1896

Nimesikia mara nyingi pale Forodhani, Zanzibar, hata watoto wa shule wakiambiwa: Waingereza walilibomoa Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililoko hapo, mwaka 1896, na hili tunaloliona likajengwa upya. Sivyo.

Jumba ni lilelile alilojenga Sultan Barghash bin Said mwaka 1883, kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Jina limetokana na maajabu yake: taa za umeme, na lifti, vitu ambavyo mji ulikuwa haujavizoea.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza zilimpiga Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila ridhaa yao, kwa muda usiofika saa nzima. Majumba ya jirani ndiyo yaliyoumia, hasa Beit al-Hukm, ambalo halikujengwa tena. Beit al-Ajaib liliathirika kidogo tu. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake, ukisimama peke yake, ndio uliharibika. Baadaye ukajengwa mnara mwingine wa saa, ukaunganishwa na uso wa jumba. Nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia: mnara ulikuwa wa baada ya vita, jumba ni la kabla.

Kabla ya 2020 ungesimama karibu ukazitazama nguzo zile nyembamba za chuma zikibeba baraza ghorofa hadi ghorofa, na milango iliyochongwa aya za Qur'ani.

Pigo kubwa lilikuja wakati wa amani, tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati. Sehemu yake iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki.