Nani Mhashamu, nani Mheshimiwa?

Msimu wa kipaimara, sakramenti ya Kikatoliki ambayo kwa kawaida hutolewa na askofu, ukifika huku kusini mwa Tanzania, iwe Ndanda au Nachingwea, mtihani wa mshereheshaji ni kutambulisha meza kuu. Utasikia "Mheshimiwa Baba Askofu", na kabla hujakaa sawa, "Mhashamu Mkuu wa Wilaya".

Wengi wanadai mhashamu ni neno la kanisani tu. Si kweli. Kamusi zinalitaja kwa viongozi wa serikali na wa kanisa pia, na lina undugu wa damu na heshima. Yote mawili ni ya shina moja la Kiarabu. Matumizi ndiyo yaliyogawa mirathi: mbunge, diwani, mkuu wa wilaya (DC) na hakimu wakachukua mheshimiwa, mhashamu likabaki kwa maaskofu, hasa wa Katoliki. Kwa hiyo kumwita DC mhashamu si kuvunja sarufi, ila ukumbi utageuza shingo.

Dhana inayotusumbua zaidi huku kusini ni kwamba kila kiongozi wa dini mwenye cheo ni mhashamu. Paroko ni Padre, basi. Abate wa Ndanda, yaani mkuu wa watawa wa abasia ya huko, ni Abate. Hapa lakini wazee wana utetezi wao: kabla ya Jimbo Katoliki la Mtwara kuundwa mwaka 1972, abasia ya Ndanda ilikuwa na mamlaka kama ya jimbo, na Viktor Hälg alikuwa abate na askofu kwa pamoja. Anayemwita abate wa leo mhashamu hakuliokota neno barabarani. Kardinali ni Mwadhama. Askofu mstaafu anabaki mhashamu, maana uaskofu ni daraja takatifu. Hautenguliwi kwa barua kama ukuu wa wilaya.

Sheikh wa Mkoa je? "Sheikh" limeshabeba heshima yake. Ukiongeza mheshimiwa mbele, unarundika tu.

Wapo pia wanaoona "Ndugu" ni kumshusha kiongozi. Enzi za TANU, chama kilichotangulia CCM, ndilo lililotumika kwa mkubwa na mdogo, na vikao vya CCM bado vinalo. Nyerere mwenyewe alitosheka na Mwalimu.

Na kuna wanaopokea simu kwa "Mheshimiwa hapa, nani mwenzangu?" Jamani! Mheshimiwa ni anayeheshimiwa na wengine, hajiiti.

Kwenye kadi za mwaliko, Mhe. ni kifupisho cha mheshimiwa. Kwa askofu andika Mhashamu kwa kirefu, na wakiwa wengi, Wahashamu. Ukimwandikia "Mhe.", umeshampeleka bungeni.