Ardhi ya wazi: maana yake na njia za kuilinda dhidi ya ujenzi wa nyumba

Katika Kiswahili, neno makazi hutumika kwa nyumba ya binadamu na pia kwa mahali anapoishi mnyama wa porini, na ugumu wote wa dhana ya ardhi ya wazi umo humo: makazi ya aina mbili hugombea eneo moja. Ardhi ya wazi ni eneo lisilojengwa, liwe msitu, bonde la mto, malisho au shamba, linaloachwa makusudi libaki hivyo. Si lazima liwe hifadhi ya taifa wala mali ya serikali. Wala si ardhi tupu, ingawa mkata viwanja huiona hivyo, kwa kuwa majani yake huficha viota, udongo wake hunywa maji ya mvua, na wanyama hupita humo wakifuata maji na malisho.

Madhara ya nyumba hayaishii kwenye msingi wake, kwani huja pamoja na barabara, uzio, taa za usiku, mbwa na paka. Usumbufu huo unaopenya kutoka pembezoni kuelekea ndani wanaikolojia huuita athari ya ukingo, na hesabu yake inashtua. Tuchukue eneo la mraba lenye upande wa kilomita 1, yaani hekta 100, na tuseme usumbufu hupenya mita 100 kutoka kila upande: sehemu tulivu ya katikati ni hekta 64. Barabara mbili zikilikata eneo hilo katika vipande vinne sawa, sehemu tulivu hupungua hadi hekta 36 hivi, ilhali ardhi iliyofunikwa na barabara zenyewe ni ndogo mno. Ndiyo maana nyumba kumi zilizotawanyika, kila moja katika ekari zake, zinaweza kudhuru kuliko kumi hizo hizo zikijengwa pamoja upande mmoja.

Njia ya kawaida ya ulinzi ni sheria ya mipango ya ardhi, inayotaja mahali pa kujenga na pasipojengwa. Udhaifu wake ni kwamba baraza linalofuata linaweza kuibadilisha. Njia nyingine ni umma kuinunua ardhi. Mji wa Boulder, Colorado, nchini Marekani, ulitumia zote mbili kwa ustadi: mwaka 1959 wapiga kura waliamua kuwa mji usipeleke maji kwa nyumba zilizo juu ya mwinuko wa futi 5,750, na mwaka 1967 wakakubali kodi ya mauzo ya kununulia ardhi ya wazi.

Njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu humtendea haki zaidi mwenye ardhi, ni mkataba wa kudumu wa uhifadhi. Umiliki wa ardhi ni fungu la haki nyingi: kulima, kulisha mifugo, kurithisha, kuuza, kujenga. Katika mkataba huu, mwenye ardhi huiuzia au huipa taasisi ya uhifadhi haki ya kujenga tu na kubaki na nyingine zote. Bei yake kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani ya ardhi inayoweza kujengwa na thamani ya ardhi hiyo hiyo ikiwa na masharti. Mkataba huandikishwa kisheria, hivyo humfunga pia mrithi na kila mnunuzi atakayefuata. Hata hivyo, taasisi inayoushikilia isipokagua eneo mara kwa mara na kuwa tayari kwenda mahakamani, hati hiyo haitamzuia yeyote.

Mipaka ya mkataba pia hufuata mipaka ya shamba, ilhali mnyama hufuata ushoroba wake, yaani njia anayopita kutoka eneo moja hadi jingine. Wamiliki tisa walio kwenye njia moja wanaweza kukubali, kisha wa kumi, mwenye kipande chembamba katikati, akakata viwanja na kuifunga njia yote. Kwa sababu hiyo wapangaji makini hutambua kwanza njia za wanyama, ndipo wanapokwenda kuzungumza na wenye ardhi, wakianza na wale walio mahali penye upenyo mdogo zaidi.