Kabla ya kuandika andiko jingine, unda kamati

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na hasa baada ya shirika lake la misaada, USAID, kufungwa rasmi Julai mwaka huohuo, mashirika madogo yananiuliza swali moja: tuchangishe vipi hapahapa nyumbani? Wanaouliza wamezoea andiko la mradi, bajeti ya kurasa nne na ripoti ya robo mwaka. Wanajua kumwomba mfadhili wa Ulaya, lakini mwenye duka la jirani hawajawahi kumwomba hata mara moja. Kazi yangu ni kusaidia mashirika kutafuta fedha, na jambo ninalowaambia wote ni kwamba watu wetu wanachanga karibu kila mwezi. Wanachangia misiba, harusi, matibabu, ujenzi wa kanisa na madrasa. Kinachotakiwa ni shirika kuomba kwa utaratibu ambao tayari wanauamini.

Chukua harusi. Kadi za mchango zinatoka miezi miwili au mitatu kabla. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na lipo kundi la WhatsApp. Jioni mhazini anabandika orodha: jina, ahadi, alicholipa, baki. Fedha ikiingia, orodha inabandikwa upya, na aliyemaliza anawekewa tiki. Kadiri siku inavyokaribia ndivyo waliobaki na deni wanavyopungua, maana hakuna anayependa jina lake lisomwe hivyo mbele ya ukoo mzima.

Ukitazama utaratibu huo kwa makini, aliyeniomba ni mtu ninayemfahamu. Kiasi nimekitaja mwenyewe. Tarehe ya mwisho ninaijua, hesabu ninaziona, na siku yenyewe ikifika nitakaa ukumbini nione fedha yangu imefanya nini. Sasa linganisha na bango la shirika lenye namba ya akaunti na maneno "changia chochote ulicho nacho". Neno hilo "chochote" lifuteni. Anayelisoma hajui elfu moja ni dharau au ni msaada, kwa hiyo anapita zake.

Tajeni kitu na bei yake. Kama mnahudumia watoto wenye ulemavu, semeni mnatafuta viti mwendo vinane kabla shule hazijafunguliwa, kimoja kinauzwa kiasi hiki, na nauli ya mama mmoja kumpeleka mtoto kliniki kwa mwezi ni kiasi hiki. Kisha undeni kamati ya watu kumi na wawili ambao si waajiriwa wenu: mwalimu mstaafu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama anayeheshimika kwenye kikoba chake, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Kila mmoja apewe kadi 20. Hizo ni kadi 240, na zikirudi nusu tu zenye ahadi ya shilingi 10,000, mna 1,200,000. Sharti langu hapa halina mjadala: fedha iingie kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la shirika. Isipite kwenye simu ya mhazini, hata awe mwaminifu namna gani. Yeye kazi yake ni orodha na kukumbusha.

Njia nyingine ninayoipenda sana ni mnada, na mfano bora uko kwenye sikukuu ya mavuno katika makanisa mengi ya Kilutheri ya Kilimanjaro na Arusha. Baada ya ibada watu hutoka nje, na meza inajaa mikungu ya ndizi, trei za mayai, miwa, kuku waliofungwa miguu. Jogoo mmoja ananunuliwa kwa bei ambayo sokoni ungepata watatu, halafu mnunuzi anasema, "Nimemrudisha, auzwe tena." Anauzwa tena. Vijana wa kwaya wanachangishana ili wasishindwe na wazee wa kanisa, na mnadishaji anawajua wote kwa majina, anajua nani ametoka kuoa na nani amefungua duka jipya. Huyo mnadishaji ana thamani kuliko vitu vyote vilivyo mezani. Shirika likifanya mnada wake, limtafute mtu wa namna hiyo hapohapo mtaani. Mshereheshaji maarufu kutoka mjini atakula bajeti na hatamjua mtu. Na mezani wekeni vitu visivyo na bei sokoni: siku moja ya kazi ya fundi umeme anayesifika, keki ya mama ambaye kila mtu anaulizia keki zake, ng'ombe mzima aliyetolewa na mfugaji mmoja.

Kwa Waislamu, Ramadhani ni mwezi wa kutoa, lakini zingatieni kitu kimoja ambacho mashirika hukivuruga. Zaka ina watu wake maalumu waliotajwa kwenye Qurani, makundi manane. Sadaka ni pana zaidi. Aliyekupa zaka hakukupa ulipie pango la ofisi. Fungueni akaunti mbili, ulizeni masheikh wa eneo lenu, na andikeni wazi ipi ni ya nini.

Kuhusu mbio na matembezi nina tahadhari. Yapo yanayofanya kazi vizuri. Kili Challenge, iliyoanzishwa 2002 na mgodi wa dhahabu wa Geita, hupandisha watu Mlima Kilimanjaro kukusanya fedha za mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Kenya wana Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini tangu 1989: gari lazima lifike vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Kila timu inakuja na fedha ilizochangisha yenyewe. Michango hiyo ilisaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wa milima ya Aberdare, takribani kilomita 400, uliokamilika 2009. Hapo mshiriki ndiye mchangishaji, na alichochangia unaweza kukigusa.

Lakini shirika lenye wafanyakazi watano lisianzishe mbio zake. Fulana, maji, gari la wagonjwa na vibali vitameza kila kitu. Pelekeni watu kumi kwenye mbio zilizopo, kila mmoja akiwa na kadi ya ahadi kwa ndugu na wafanyakazi wenzake.

Bahati nasibu nayo huja kwenye kila kikao. Tanzania inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hata kama zawadi ni mbuzi. Ombeni kwanza, ndipo mchapishe tiketi.

Fedha ikishaingia, ujumbe wa shukrani utoke siku hiyohiyo, wenye jina la mchangiaji na kiasi alichotoa. Vitu vikinunuliwa, tuma picha ya viti na risiti ya duka kwenye kundi lilelile la kamati. Sura za watoto msizisambaze. Wazazi wao wanaishi mtaa huohuo na wachangiaji. Hesabu ya mwisho ibandikwe pamoja na salio, hata likiwa shilingi 3,500, kisha kundi liachwe wazi. Mwakani mtaanza na majina 120 yenye tiki.