Gigabiti inatoka wapi kwenye waya uleule?

Wateja wengi hapa Tanga huniambia kebo ya mtandao ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) "inakimbiza umeme" kuliko ya megabiti 100. Haikimbizi. Kwenye kila jozi ya nyaya, alama (yaani ngazi za volti zinazotumwa moja baada ya nyingine) kwa sekunde ni zilezile milioni 125.

Etheneti (mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa kebo) ya megabiti 100, ya mwaka 1995, hutumia jozi mbili tu: moja ya kutuma, moja ya kupokea. Kila biti 4 hugeuzwa kuwa 5 ili mpokeaji asipoteze mdundo wa alama, ndiyo maana alama milioni 125 huzaa megabiti 100. Kiwango cha gigabiti kilipopitishwa mwaka 1999, kilikusudiwa kupita kwenye kebo za Cat 5, daraja la kebo za mtandao ambazo tayari zilikuwa ukutani maofisini. Basi jozi zote nne zikaingizwa kazini, na kila alama ikabeba biti 2 kwa kutumia ngazi tano za volti. Ngazi nne zingetosha kwa biti 2. Ya tano inaleta nafasi ya kusahihisha makosa. Zidisha: 125 mara 2 mara 4, ni 1,000.

Ninachokipenda zaidi ni hiki: kila jozi hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kila upande unajua umetuma nini, hivyo chipu huondoa sauti yake pamoja na mwangwi wake katika inachosikia, na kinachobaki ni maneno ya mwenzake. Hesabu hiyo hufanyika mfululizo, mamilioni ya mara kwa sekunde.

Gharama yake ipo. Ngazi za volti zilizokuwa zikiachana kwa volti 1 kwenye megabiti 100 sasa zinaachana kwa nusu volti, kwa hiyo kelele ndogo inatosha kuharibu alama. Fundi anayefumua msokoto wa nyaya zaidi ya milimita 13 kabla ya plagi anaikaribisha kelele hiyo.

Kuna duka Ngamiani ambako mashine mpya iligoma kwenye megabiti 100. Plagi ilikuwa na kutu ya kijani kwenye pini za jozi ya kahawia. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Mashine za ncha mbili za kebo hupatana kasi kwa kutumia jozi ya chungwa na ya kijani, ambazo zilikuwa nzima, zikakubaliana gigabiti, zikajaribu, zikashindwa, kisha zikashuka kimyakimya. Mwenye duka alikuwa akilaumu intaneti. Tulikata ncha, tukabana plagi mpya, na faili la gigabaiti 10 lililokuwa likichukua karibu robo saa kwenda kwenye seva likaanza kumalizika kwa dakika moja na nusu hivi.