Je, wajua kwa nini Kiingereza huweka mkato kabla ya swali dogo la mwishoni?

Mwanafunzi anaandika "You are the new teacher isn't it." akitaka kusema "Wewe ndiye mwalimu mpya, sivyo?" Daftari linarudi na wino mwekundu mahali patatu: mkato haupo, swali la mwishoni halioani na sentensi, na nukta imekaa pa kiulizi. Ilitakiwa iwe "You are the new teacher, aren't you?"

Tuanze na huo mkato, maana ndio unaosahaulika zaidi. Wengi wetu tulifundishwa kuwa mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Lakini msikilize Mwingereza akiitamka sentensi hiyo: mara nyingi huipitisha yote kwa mkupuo mmoja. Mkato huo umewekwa na sarufi. "You are the new teacher" ni taarifa iliyokamilika, ingeweza kukomea hapo. "Aren't you" nalo ni swali lenye kitenzi kisaidizi na kiwakilishi chake. Taarifa na swali vimefungwa katika sentensi moja, na mkato ndicho kifundo chake. Ndiyo maana pia swali hilo likiwa mwishoni huanza kwa herufi ndogo.

Ukiweka nukta, "You are the new teacher. Aren't you?", umepata sentensi mbili na maana imesogea. Sasa ni mtu aliyesema kwa uhakika, akanyamaza, kisha shaka ikamwingia. Mwandishi wa hadithi anaweza kuitaka shaka hiyo. Katika barua ya kawaida itamshangaza msomaji.

Kiulizi hakina mjadala: hukaa mwisho kabisa na kutawala sentensi nzima, hata kama maneno mengi ni ya taarifa. Kwa sauti, kiimbo kikipanda msemaji anauliza kweli. Kikishuka anataka tu uafikiane naye. Maandishi hayana alama ya kutenganisha hali hizo mbili, kwa hiyo kiulizi ni kilekile. Swali likiingizwa katikati huwekewa mkato pande zote mbili, na kiulizi husubiri mwisho: "It was hot, wasn't it, when we arrived?"

Na ile "isn't it" ya mwanafunzi ilitoka wapi? Ilitoka nyumbani. Sisi tunasema unakuja, sivyo? Walikula, sivyo? Mvua itanyesha, sivyo? Neno moja linatosha kwa nafsi zote na nyakati zote, kwa sababu ni "si" pamoja na "-vyo" ya namna, yaani si hivyo. Wafaransa wana "n'est-ce pas", Wajerumani "nicht wahr", nayo hayabadiliki. Kiingereza sanifu ndicho kinachodai swali liifuate sentensi kama kivuli: "can" huzaa "can't", "they ate" huzaa "didn't they", na sentensi kanushi huzaa swali yakinishi. Wala si Waswahili peke yetu tunaotaka neno moja. Vijana wa London wana "innit", iliyotokana na "isn't it", na huibandika kwenye sentensi yoyote. Naiona ni njia yenye mantiki kabisa, ila katika mtihani itakukosesha alama.

Kiingereza chenyewe kina vichaka vyake. "I am late" hufuatwa na "aren't I?", ingawa hakuna anayesema "I are", kwa kuwa "am not" haina ufupisho uliokubalika katika lugha sanifu. Uskoti na Ireland utasikia "amn't I?", ambayo kwa kweli ndiyo iliyonyooka. "Nobody called" haina "not" ndani yake, lakini huhesabiwa kanushi, hivyo swali lake ni "did they?" Na "Let's go" huchukua "shall we?"

Ritifaa nayo usiiache. Katika "aren't" imeshika nafasi ya "o" ya "not" iliyodondoshwa, kwa hiyo hukaa kati ya "n" na "t", si kabla ya "n".

Ukiwa katika mazungumzo ya kawaida na kitenzi kisaidizi kimekutoroka, iko "right", ambayo haibadiliki kama vile "sivyo" yetu. Hata hiyo hudai mkato wake na kiulizi chake: "You're from Tanga, right?"